Sulisuli wa Watamu na deni la anayevua kwa raha

Kwetu Tanga, ukimwambia mtu kwamba kuna watu wanalipa fedha nyingi, wanaamka alfajiri, wanakwenda kilindini kupambana na samaki wa kilo 30, kisha wakimfikisha ubavuni mwa chombo wanamfungua aende zake, atakuuliza kama umeamkia homa. Samaki ni kitoweo. Asipokuwa kitoweo ni ada ya shule, ni mafuta ya taa, ni nauli ya kwenda hospitali ya Bombo kumwona mgonjwa. Nimekulia Sahare katikati ya watu wa mishipi na madema, na mshangao huo ninauelewa kuliko ninavyowaelewa hao wanaoachia.

Sasa ndugu yangu mmoja amenunua boti. Ana mpango wa kuwachukua wageni kuvua kwa raha katika Mkondo wa Pemba, akaniomba nipande hadi pwani ya kaskazini ya Kenya nikamtazamie wenzetu wanavyofanya. Wenzetu wana miaka mingi katika kazi hiyo. Sisi upande wetu tunaanza. Nilikubali kwa sababu ya kaskazi, majira mazuri ya kusafiri, na kwa sababu nilitaka kumwona kwa macho yangu mtu anayemrudisha baharini samaki ambaye mjomba wangu angemwimbia.

Njia haina mengi. Horohoro, mihuri miwili ya pasipoti, Lunga Lunga, minazi ya Msambweni, halafu foleni ya kivuko cha Likoni ambayo haijawahi kumwonea mtu huruma. Baada ya Mombasa ni Mtwapa, mashamba ya mkonge, daraja la Kilifi, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke unaifunika barabara upande wa kushoto kwa muda mrefu. Pale Gede unaiacha barabara kuu na kuteremka kuelekea baharini. Wengi hufika Gede kwa ajili ya magofu, mimi niliyapita. Watamu ni kijiji cha Wabajuni na Wagiriama kilichozungukwa na mahoteli, ambako muuza vinyago atakusalimu kwanza kwa Kiitaliano, akiona hujajibu ndipo arudi kwenye Kiswahili, naye anaonekana kufurahi kupumzika.

Pwani hii ina sheria zake za zamani. Mwaka 1968 Malindi na Watamu zilitangazwa kuwa hifadhi za taifa za bahari, za mwanzo nchini Kenya. Ndani ya hifadhi yenyewe hakuna kuvua, hata kwa mshipi wa mkono na chubwi moja. Pembeni yake kuna eneo ambako mvuvi wa asili anaruhusiwa kwa zana za asili. Boti za wageni hupita juu ya hifadhi zikiwa zimeinua mishipi, na haziruhusiwi kuishusha mpaka zitoke mlangoni mwa mwamba. Nilimwuliza nahodha wa boti niliyopanda kama kuna wanaoiba kidogo njiani. Akacheka. "Wako," alisema. "Lakini hapa watu wote wana macho."

Kuvua kwa raha kwenyewe ni kwa zamani kuliko hifadhi. Mwanzoni mwa 1934, baada ya kuwinda bara, mwandishi Ernest Hemingway alishuka Malindi kuvua samaki wakubwa. Miaka mitano baadaye, 1939, wavuvi wa namna yake waliunda International Game Fish Association, chama cha kuweka kanuni na kutunza rekodi, na Hemingway akawa mmoja wa makamu wake wa rais. Kanuni zile ni kali kwa namna yake: aliyenasa samaki amvute mwenyewe, na mwingine akigusa rodi au mshipi kabla samaki hajafika karibu kabisa, rekodi haipo. Nilipozisoma niliona jambo ambalo limebaki nami safari nzima. Zilitungwa ili mshindani asimwibie mshindani mwenzake. Samaki hakuwa mmoja wa waliolindwa. Alikuwa akining'inizwa kwenye mzani gatini, mkia juu, jina la bwana aliyemvua likiandikwa kwa chokaa ubavuni, picha ikapigwa, na mara nyingi hapo ndipo shughuli yake ilipoishia.

Kilichobadilisha mambo hapa Kenya ni tagi. Mwaka 1990 ilianzishwa African Billfish Foundation, taasisi inayoshughulika na samaki wenye midomo mirefu, yaani sulisuli, nduaro na jamaa zao. Samaki anachomwa kijiti chembamba cha plastiki chenye namba chini ya pezi la mgongoni, anakadiriwa urefu na uzito, anaachiwa, na kadi yake inapelekwa kuandikwa. Akinaswa tena, pengine nchi nyingine na miaka mingine, namba ile inasimulia alikotoka na kiasi alichokua. Nahodha wetu alianza kazi akiwa mvulana wa kusuuza chombo, katika siku ambazo sulisuli waliletwa pwani kwa wingi kuliko walaji. Leo chombo chake hakimpandishi sulisuli aliye hai hata mgeni akilia.

Mgeni aliyekaribia kulia alikuwamo katika safari yetu. Tulikuwa abiria watatu: mimi, na mhasibu mmoja kutoka Nairobi na mwanawe wa miaka kumi na mbili, ambao walinikubali nishiriki chombo nao kwa sababu gharama ikigawanywa haiumi sana. Wasomaji wanaodhani huu ni mchezo wa Wazungu peke yao wangemwona mhasibu yule alivyokagua kila fundo. Tulitoka mlangoni jua likiwa bado halijachomoza, mawimbi ya mwambani yakiwa meupe kushoto na kulia. Maili chache tu nje ya mwamba sakafu ya bahari inaporomoka na rangi ya maji inageuka kuwa ya wino. Baharia mmoja alikuwa amekaa tezi akishona chuchunge kwenye ndoana, samaki mdogo mwenye mdomo mwembamba ambaye sulisuli hamwachi. Ndoana zake zilikuwa za duara, ncha imekunjwa ndani kama kucha ya kipanga. Ukiishika kwa mara ya kwanza utadhani haiwezi kunasa kitu.

Nahodha alisema maneno machache kabla ya mishipi kushuka, na aliyasema akimtazama kijana. Wakubwa watapiganwa kwa rodi nene. Hakuna kumchosha samaki kwa mshipi mwembamba ili upate sifa. Sulisuli na nduaro wote wanarudi. Fulusi, nguru na jodari tutachukua wa kula, tukitosheka basi. Na picha zitapigwa samaki akiwa majini.

"Majini vipi?" kijana aliuliza.

"Wewe utainama, mwanangu. Yeye hatapanda."

Hoja ya rodi nene inastahili kuelezwa, maana ni kinyume cha anavyofikiri mtu wa nje. Mshipi mwembamba unaonekana wa kiungwana: samaki anapewa nafasi, mvuvi anapata kazi. Lakini nafasi hiyo samaki anailipia. Anayepigana muda mrefu anajaza asidi katika misuli, damu yake inabadilika, na anaweza kuondoka akiogelea vizuri mbele ya macho yako akafa baadaye usipomwona. Kwa anayevua ili ale, muda wa pambano si neno. Mwisho ni uleule. Kwa anayekusudia kuachia, kila dakika ni sehemu ya kile anachomfanyia. Ndiyo sababu nahodha, pindi samaki aliponasa, hakukaa kitako kutazama. Aligeuza chombo na kumfuata, mshipi ukaingia kwenye rili haraka, mhasibu akitokwa jasho huku baharia akimhimiza kama mtu anayehimiza punda mlimani.

Sulisuli aliruka mara nyingi. Sitajaribu kueleza sana. Waliokwisha kumwona wanajua, na wasiomwona hawataridhika na maneno yangu. Niseme tu kwamba ile habari inayorudiwa kila mahali, kwamba anakwenda kilomita 110 kwa saa, wataalamu waliompima kwa vyombo vya siku hizi hawaikubali. Kasi walizopata ni chini ya nusu ya hiyo. Mimi nilimwona kwa jicho tupu na sikuona upungufu wowote.

Alipofika ubavuni, hapo ndipo kazi niliyotumwa kuitazama ilipoanza. Baharia alivaa glavu, akainama, akamshika mdomo kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekeana, kichwa chake mwenyewe akiwa amekiweka kando ili samaki akiruka asimchome. Hakumwinua. Ndoana ilikuwa imekaa pembeni mwa taya, mahali ambapo ndoana ya duara hupenda kukaa, ikatoka kwa koleo mara moja. Baharia wa pili alikuwa na kijiti kirefu chenye tagi; akaichoma chini kidogo ya pezi la mgongoni, akasema makadirio, kijana akayaandika. Kisha nikatarajia waachie. Hawakuachia. Nahodha alitia gia ya mbele, chombo kikasogea polepole mno, na baharia akaendelea kumshika samaki kichwa kikielekea mbele, maji yakimwingia mdomoni na kutokea mashavuni. Sulisuli hawezi kusimama mahali pamoja akavuta pumzi. Anapumua kwa kwenda. Ukimwachia amechoka, hana nguvu za kwenda, na asipokwenda hapumui. Tulikwenda hivyo kwa muda ambao mhasibu aliona ni mrefu. Mwili uliokuwa umefifia kama bati la zamani ukaanza kurudisha rangi, mistari ya samawati ikawaka ubavuni, mkia ukapiga mara moja na kumtikisa baharia mabega. Ndipo akafungua mikono.

Kijana alipata picha yake: amelala kifudifudi juu ya ukingo, mkono mmoja majini, nusu ya samaki ikionekana. Baba yake alitaka nyingine, samaki mapajani kama wanavyopiga wengine. Aliiomba kwa adabu, halafu kwa sauti ya mtu aliyelipa. Nahodha akajibu, "Bwana mkubwa, huyo naye ni chakula cha watoto wangu. Nikimuua leo, kesho nitawaonyesha wageni nini?" Mhasibu alinuna mpaka fulusi walipokuja.

Asubuhi hiyohiyo niliona upande wa pili. Chombo kingine, ambacho sikitaji, kilikuwa karibu nasi kiasi cha kuonana. Walimpandisha sulisuli, watu wawili wakamkalisha juu ya mapaja, wakabadilishana nafasi, simu zikabadilishana mikono, mtu akamfungua pezi la mgongoni lionekane kama tanga, wakacheka, wakapiga tena. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Kisha wakamsukuma baharini kwa ubavu. Tulipopita pale baadaye tulimkuta akielea, tumbo juu, ndege wamemzunguka. Mabaharia wetu walitazamana bila kusema kitu. Boti za hapa hurudi bandarini na bendera ndogo kwa kila samaki, na ya samaki aliyeachiwa hupandishwa juu chini. Bila shaka chombo kile kiliingia Watamu na bendera ya sulisuli iliyogeuzwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba kuachia kunamaliza swali. Kuachia ni neno linaloweza kufunika mauaji yaliyocheleweshwa. Wako waliolipima. Mwaka 2005 zilichapishwa takwimu za utafiti uliofanywa magharibi mwa Atlantiki ya kaskazini juu ya nduaro mweupe, jamaa wa hawa wetu. Samaki walionaswa na wavuvi wa raha walifungwa vyombo vinavyotuma taarifa kwa setilaiti, wakaachiwa. Walionaswa kwa ndoana za duara waliishi wote. Walionaswa kwa ndoana za kawaida, zile zenye umbo la herufi J, waliishi asilimia 65. Yaani kati ya kila watatu walioachiwa kwa tabasamu, mmoja alikwenda kufa. Tofauti ni kipande cha chuma cha bei ileile: ya duara huteleza kooni na kushika pembeni mwa taya, ya kawaida hushika popote, hata tumboni. Tangu 2008 Marekani imelazimisha ndoana za duara katika mashindano ya samaki hawa huko Atlantiki, pale chambo kinapokuwa cha asili. Hapa kwetu hakuna haja ya kungoja sheria. Duka la vifaa ni lilelile.

Fulusi walikuja chini ya gogo lililokuwa likielea, kundi zima, rangi ya dhahabu na kijani. Wale tulichukua. Nilipenda namna baharia alivyofanya: kila aliyepanda alipigwa kichwani kwa rungu dogo mara moja, akakatwa mashavu damu itoke, akatiwa kwenye barafu. Sisi Waislamu samaki kwetu ni halali bila kuchinjwa, na nadhani uhalali huo umetuzoesha vibaya. Nimeona tangu utotoni samaki wakitapatapa sakafuni mwa ngalawa mpaka wakauke, na hakuna aliyegeuza shingo. Rungu lile linachukua sekunde. Na nyama yake ni bora, muulize mpishi yeyote.

Kijana alitaka kuendelea, maana fulusi walikuwa bado wanauma kila kinachotupwa. Nahodha alihesabu waliomo kwenye barafu, akataja nani atapata nini: mhasibu wawili, mabaharia kila mmoja wake, mwenye chombo, jirani mmoja mgonjwa. Kisha akaamuru mishipi ikunjwe. Tulikuwa tumewaachia sulisuli kadhaa kufikia hapo, na huko nako alikataa kurudi. Alisema samaki anayeachiwa si bure. Kila mmoja ana uwezekano wa kufa, na ukiachia kumi umecheza karata mara kumi. Sijasikia hoja hiyo ikisemwa vizuri zaidi na mtu mwenye shahada.

Jioni nilikaa ufukweni wanakopandisha ngalawa na mashua, chini ya mkungu, pamoja na mzee mmoja wa Kibajuni aliyekuwa akitia viraka jarife. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha, tukaulizana habari za Tanga na bei ya nguru. Nilipomweleza nilikotoka asubuhi, aliendelea kushona kwa muda.

"Mimi nikimpata sulisuli ninamleta nyumbani," alisema. "Watu wanakula, wengine wanakausha. Wale wanamchoma ndoana, wanamvuta, wanamchoma tena kijiti, halafu wanamwacha. Kuua kwa mchezo dini haitaki. Na kutesa kwa mchezo je, mwanangu? Imekuwa sawa kwa sababu hakufa?"

Nilimwambia habari za tagi, za elimu inayopatikana, za mabaharia wanaolishwa na kazi ile. Alikubali yote. Alisema mwanawe mmoja ni baharia kwenye chombo cha wageni na ndiye aliyemjengea paa la bati. Aliwahi pia kupata samaki mwenye kijiti cha namba katika jarife lake, akaipeleka namba kwa wenyewe. Lakini swali lake alilirudisha palepale: je, imekuwa sawa?

Jibu la kumridhisha mzee yule sina, na nimekuja kuamini kwamba anayevua kwa raha asiye na swali hilo kichwani hafai kupewa rodi. Mjomba wangu akimkosea samaki, ana njaa ya kujitetea nayo. Mgeni hana. Hakuna kilichomsukuma baharini ila kupenda kwake, kwa hiyo anadaiwa zaidi: ndoana inayotoka, pambano fupi, mikono iliyolowa, samaki asiyeonja hewa, kifo cha haraka kwa anayeliwa, na kujua saa ya kukunja mishipi. Wako wanaosema deni hilo ni dogo kwa kuwa madhara yao ni madogo. Ni kweli kwamba samaki hawa katika Bahari ya Hindi wanamalizwa hasa na nyavu za kutega na mishipi mirefu ya meli, si na mhasibu wa Nairobi. Kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli, ilipitisha azimio mwaka 2018 lililoweka ukomo wa mavuno kwa mwaka: tani 3,260 kwa nduaro wa mistari, tani 25,000 kwa sulisuli, na marufuku ya kubakiza yeyote mwenye urefu usiofika sentimita 60 kutoka taya ya chini hadi panda ya mkia. Nduaro wa mistari hasa yuko katika hali mbaya. Lakini kusema mwingine anaharibu zaidi hakujawahi kumsafisha mtu. Tanga tuliisikia hoja hiyo miaka yote ya uvuvi wa baruti: kila mpigaji alikuwa na mwenzake anayepiga zaidi.

Kesho yake sikwenda kilindini. Nilitembea kuelekea hori la Mida, ambako mikoko inaingia bara na maji yakitoka yanaacha mchanga mweupe unaong'aa. Huko ndiko vinakokulia vitoto vya changu na chewa. Kando ya mlango niliokota mshipi wa nailoni uliosokotana, mrefu wa kutosha kumfunga kasa mabawa yote. Watamu kuna watu wanaoshughulika na kasa tangu 1997. Mvuvi wa kienyeji akimnasa kasa kwa bahati mbaya anawaita, wanakuja kumpima na kumwachia. Kazi hiyo yote inaweza kuvurugwa na kipande cha mshipi kilichotupwa na mtu aliyechoka kukifumua. Nailoni haiozi kwa muda wa maisha yako wala ya mwanao. Ilipo mikononi mwako ni yako.

Na chewa je? Hili ndugu yangu wa boti alilisahau kabisa katika maswali yake, nami naliona ndilo kubwa kwa Mkondo wa Pemba wenye kina cha ghafla. Watu wanaovua chini, kwenye miamba ya kina kirefu, wakimvuta chewa haraka kibofu chake cha hewa kinavimba, macho yanatoka, tumbo linajitokeza mdomoni. Ukimwachia hivyo haendi popote. Anaelea mpaka ndege wamwone. Kuna vyombo vya uzito vinavyomrudisha chini kwenye kina chake kabla ya kumfungua, na vinasaidia, lakini usipokuwa navyo kuachia ni maigizo. Kwenye kina kile ama unavua wa kula, wachache, na kuondoka, ama huvui. Chewa wanakua polepole, wanakaa mahali pamoja, na wengi wao huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume ukubwani, kwa hiyo ukiwachagua wakubwa tu unaondoa madume wa mwamba mzima. Sulisuli anakua upesi na anahama, anaweza kusamehe. Chewa hasamehi.

Nimerudi Tanga na nimemwambia ndugu yangu haya yote, pamoja na mambo ya leseni na ya kuwaandika kazi vijana wa Sahare wanaoijua bahari, badala ya kuleta mabaharia kutoka kwingine. Amekubali ndoana za duara. Amekubali rungu na barafu. Kuhusu picha anasitasita. Anasema wateja wataondoka kwa majirani. Inawezekana. Nahodha wa Watamu naye anapoteza wateja wa aina hiyo na bado ana kazi.

Wewe msomaji ukipata nafasi ya kwenda, Watamu, Shimoni, Mafia au hapa kwetu, usilipe kwanza. Nenda gatini jioni boti zinaporudi, uombe kuona sanduku la ndoana, na umwulize nahodha siku yake huisha lini: samaki wanapokwisha kuuma, au yeye anapotosheka. Akikujibu la kwanza, tafuta chombo kingine.